Maziwa Yanayorudi kutoka Luanda Kotieno

Gakenia na mumewe Mbugua, wazazi wa Sam, waliuza maziwa mjini Kisumu. Walikuwa na maziwa freshi, maziwa lala, yaani mtindi, na yogati ya chupa ndogo. Mbali na duka la mjini, walikuwa na vibanda viwili. Kimoja kilikuwa Katito, penye hoteli nyingi za chai kando ya barabara ya Kisii. Huko aliuza Nasambu. Kingine kilikuwa Luanda Kotieno, watu wanakopanda feri kwenda Mbita. Huko aliuza Mathews.

Asubuhi kreti zilitoka zimejaa. Jioni zilirudi, na za Luanda Kotieno zilirudi na maziwa ndani.

"Yameharibika tena," Mbugua alisema jioni moja. Alifungua pakiti na harufu ya uchachu ikajaa duka zima. "Mama Sam, huyu Mathews analala kazini. Mwezi huu ukiisha, nafunga kile kibanda."

"Mathews si mvivu," Gakenia alijibu. "Na ana watoto shuleni. Kabla ya kufunga, tuangalie mauzo kwanza."

"Mauzo gani? Yako ndani ya simu yako. Mimi nimewahi kuyaona lini?"

Mumewe alisema kweli. Kila muuzaji aliandika mauzo yake kwenye programu ya simu, na yote yalifika kwa Gakenia. Lakini hakuna mwingine aliyeyaona. Wote waliuza, ila mmoja tu ndiye aliyejua kilichouzwa.

"Basi leo mtayaona," alisema.

Alifungua programu, akabonyeza mahali palipoandikwa "Ripoti", kisha "Tuma". Hakuchagua kitu chochote. Ripoti nzima iliingia kwenye kundi lao la WhatsApp.

Ilikuwa ndefu ajabu. Ilikuwa na mauzo ya tangu mwaka uanze. Bidhaa zote na vibanda vyote vilichanganywa pamoja.

Nasambu aliandika, "Mama, nimetafuta Katito mpaka macho yanauma. Yangu ni ipi?"

Mbugua alisoma kidogo, akaiweka simu kando. "Hii ni msitu," alisema.

Hazikupita siku mbili, Charity akaingia dukani. Charity alipika chakula cha harusi na mikutano kule Milimani, naye alikuwa mteja wao mkubwa. Siku hiyo hakusalimia.

"Mama Sam, namba yangu ya simu umempa nani?"

"Sijampa mtu, dada."

"Naswa amenipigia. Yule aliyekuwa akiwafanyia kazi. Sasa anauza maziwa yake. Anajua nachukua kiasi gani na siku gani. Amejuaje?"

Gakenia alifungua kundi la WhatsApp, akaliona jina la Naswa. Naswa aliacha kazi zamani, lakini hakuna aliyemtoa kwenye kundi. Na ile ripoti ilikuwa na majina ya wateja na namba zao za simu.

"Ni mimi nimekosea," alisema polepole. "Nilituma ripoti bila kuangalia ndani."

"Namba nilikupa unijulishe maziwa yakifika. Sikukupa uigawe." Charity aligeuka, akatoka bila kununua.

Gakenia hakukaa kulia. Alifuta ule ujumbe kwenye kundi, ingawa alijua kilichokwisha kuonekana hakifutiki. Alimtoa Naswa kwenye kundi. Kisha aliwapigia simu wateja wote ambao namba zao zilikuwa kwenye ripoti. Aliwaeleza kilichotokea na kuwaomba radhi. Wengine walimwelewa. Mmoja alimkatia simu.

Alipomaliza, alimwambia mumewe, "Nitajifunza hii kazi vizuri. Siwezi kuiacha hapa katikati."

Alivuka barabara hadi duka la Winny. Winny aliuza dawa na chakula cha mifugo, naye alikuwa na maduka mengine Ahero na Bondo.

"Winny, wewe ripoti za mauzo unawatumiaje watu wako?"

Winny alimvutia kiti. "Kaa, nyaminwa," alimwambia, yaani dada yangu. "Usifungue simu bado. Niambie kwanza, unatafuta kujua nini?"

"Kwa nini maziwa yanarudi kutoka Luanda Kotieno."

"Hiyo 'kwa nini' simu haiwezi kukuambia. Simu itakuambia kitu gani kimeuzwa, wapi na lini. Sababu utaambiwa na watu. Lakini watu nao lazima waone ripoti wanayoweza kusoma. Sasa fungua."

Gakenia alifungua. Winny hakuigusa simu. Alielekeza kwa kidole tu.

"Chagua tarehe. Mwaka mzima wa nini? Mwezi uliopita unatosha. Haya, chagua vibanda, Katito na Luanda Kotieno. Duka la mjini liache, hulitafuti leo. Sasa bidhaa."

"Zote tatu?"

"Zote tatu, lakini kila moja kwenye mstari wake. Hapa chini utachagua safu za kuonekana. Wewe unahitaji nini?"

Gakenia alifikiri. "Siku. Bidhaa. Zilizopelekwa, zilizouzwa, zilizorudi."

"Jina la mteja?"

"Hapana!"

"Basi ondoa alama hapo. Sasa isome yote kabla ya kuituma. Isome kama vile wewe ndiye Nasambu, umesimama Katito, wateja wanakungoja."

Gakenia alisoma ukurasa wa kwanza. Ulikuwa mfupi na safi. Alifurahi, akataka kubonyeza.

"Geuza ukurasa," Winny alisema.

Ukurasa wa pili ulikuwa na namba za simu. Alikuwa ameondoa majina, lakini namba zilibaki. Gakenia alivuta pumzi. Alirudi nyuma, akaziondoa, akasoma tena mpaka mwisho.

"Sasa unatoa faili," Winny aliendelea. "Programu inakuuliza, PDF au Excel? PDF ni kama karatasi iliyochapishwa. Inafunguka kwenye simu yoyote, na mtu hawezi kubadilisha kitu kwa kuteleza kidole. Excel ni jedwali. Mtu anaweza kulipanga upya na kupiga hesabu ndani yake."

"Basi Nasambu na Mathews niwape PDF. Baba Sam ndiye anayepanga mizigo. Yeye nimpe Excel."

"Umeona? Na faili ipe jina linaloeleweka. Kisha hifadhi huu mpangilio, ili wiki ijayo ubadilishe tarehe tu. Na kabla ya kutuma, angalia nani yuko kwenye kundi. Kila mara."

"Ero kamano, Winny," Gakenia alimshukuru kwa Kijaluo. Faili aliipa jina "Katito na Luanda Kotieno, mauzo ya Juni". Alilitazama kundi, mtu kwa mtu. Ndipo akatuma.

Jumapili baada ya kanisa, wote walikutana nyumbani kwa Gakenia. Kila mtu alifungua ripoti kwenye simu yake. Safari hii hakuna aliyeuliza yake ni ipi.

Mbugua alisogeza jedwali lake juu na chini. Kisha akaacha kusogeza.

"Hapa kuna kitu," alisema. "Luanda Kotieno, maziwa freshi yanarudi karibu kila siku. Lakini yogati hairudi hata moja. Katito ni kinyume. Freshi inaisha, yogati inakaa." Alimtazama Mathews. "Kwa nini iko hivi?"

Mathews alikohoa kidogo. "Mzee, wateja wangu wengi ni wasafiri. Mtu anayepanda feri hana jiko. Hayo maziwa freshi atayachemshia wapi? Anataka chupa ya yogati, anywe akingoja. Ikiisha, ananiuliza nyingine, sina."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Uliniambia niuze nilicholetewa."

Nasambu akadakia. "Na kwangu wenye hoteli wanakuja mapema kutafuta maziwa ya chai. Jua likipanda kidogo tu, nimeishiwa. Wanaenda kwa mwingine."

Mbugua alivua kofia, akaiweka juu ya goti. "Mathews, nilisema unalala kazini."

"Nilisikia, Mzee."

"Nilikosea. Nisamehe."

Mathews alitikisa kichwa kukubali, macho yakiwa chini. Gakenia aliona mabega yake yakishuka, kama mtu aliyetua mzigo.

Papo hapo walipanga upya. Maziwa freshi mengi yaende Katito. Yogati nyingi iende Luanda Kotieno, pamoja na maziwa freshi machache ya watu wanaokaa huko. Gakenia aliahidi kutuma ripoti kila Jumatatu. Wauzaji nao waliahidi kuisoma na kueleza walichokiona kwa macho yao.

Mwanzo haukuwa mwepesi. Wiki ya kwanza yogati ilipata joto njiani, ikabidi watafute sanduku la barafu. Lakini ripoti iliyofuata ilionyesha mabadiliko. Maziwa yaliyorudi yalipungua. Wiki iliyofuata yalipungua zaidi. Wenye hoteli wa Katito walianza kurudi kwa Nasambu.

Charity alichelewa kurudi. Gakenia alimwendea Milimani, akamwonyesha ripoti jinsi inavyokuwa sasa, bila jina wala namba ya mtu. Charity aliisoma mpaka mwisho, akasema atafikiria. Baada ya muda alituma oda, ndogo kuliko za zamani. Gakenia alimpelekea mwenyewe.

Mwezi uliisha na kibanda cha Luanda Kotieno hakikufungwa. Badala yake, Mbugua alimtuma fundi kukipanua. Mathews alipiga simu, Mbugua na Gakenia wakasikiliza pamoja.

"Mzee, fundi amefika. Anauliza dirisha la kuuzia tuliweke upande gani."

"Usiniulize mimi," Mbugua alisema. "Wewe ndiye unayewaona wateja."

"Basi litazame feri," Mathews alijibu. Kwa mbali, kwenye simu, Gakenia alisikia nyundo ikianza kugonga.