Mapaa ya Wanza

Nthoki, jirani yetu hapa mtaa wa Tena, hakuwa mtu wa kuamini mizimu. Alirudi kutoka kumzika bintiye Wanza, akafua, akainjika chai, kisha akaitundika sebuleni picha ya rangi aliyoiacha marehemu: mapaa ya mtaa yanavyoonekana kutoka juu ya jengo letu, kwenye kamba za nguo. Mabati ya karibu yalikolea kutu. Ya mbali yalififia, paa nyuma ya paa, hadi yakamezwa na moshi wa jaa la taka la Dandora. Ungedhani waweza kuingia humo ukatembea.

Asubuhi moja akaona msichana juu ya paa la karibu. Sweta ya manjano. Mgongo tu. Wanza hakuwa amechora mtu.

Nthoki hakupiga kelele. Alivuta kiti, akaketi naye.

Kesho yake msichana alikuwa paa la pili, mdogo zaidi. Kisha la tatu. Sweta ikazidi kupauka.

"Anaenda," alinong'ona Kaluki, wa mlango wa pili. "Muache, Mama Wanza."

"Aende wapi? Mimi ndiye mamake."

Akachukua brashi ya marehemu na rangi nyeusi.

"Wewe na rangi wapi na wapi? Hata ukuta wa jikoni ulikushinda!"

Nthoki hakucheka. Alichora ukuta mbele ya msichana, ukingo hadi ukingo, asipate pa kupitia.

Mchana huo, akichagua maharagwe, alisikia mkwaruzo. Akadhani ni panya. Zilikuwa kucha. Zilitoka kwenye picha.

"Mathe." Sauti ndogo. "Nimechoka. Nifungulie."

Maharagwe yakamwagika. Msichana alikuwa ameegemea ule ukuta mweusi. Mabega yalitikisika.

Mtoto wake alikuwa analia, na aliyemfungia ni yeye.

Akaleta kisu. Akakwangua rangi polepole, asije akamkata.

"Enda, mama," alisema. "Enda salama."

Kisha akageuza uso. Hakuweza kumtazama akiondoka. Alipoangalia tena, palibaki mabati na moshi.

Jioni alipanda juu kuanua nguo. Shuka jeupe la katikati lilikuwa na alama za vidole vitano vyeusi, kama vya mtu aliyelisogeza apite. Nthoki aliweka mkono wake juu ya alama hizo, kidole kwa kidole, akasimama hapo hadi giza likaingia.

Shuka hilo hajalifua. Kaluki aliligusa juzi, na anaapa rangi bado ni mbichi.