Kola ya Shati la Ally

Kila asubuhi basi la shule lilianzia safari yake Mbwawa. Firdausi wa darasa la sita na mdogo wake Ally wa darasa la tatu ndio waliopanda kwanza, kwa hiyo kiti kirefu cha nyuma kilikuwa chao. Ndiyo ilikuwa desturi: watoto wa Mbwawa nyuma, wadogo wa chekechea mbele.

Sakafu ya nyuma ilikuwa imetoboka. Basi likipanda mlima, moshi mweusi wa dizeli ulipenya ndani, na Ally, aliyekuwa na pumu, alikohoa mpaka machozi yakamtoka.

"Dada, leo tukae mbele."

"Tukae na wale wa chekechea? Unataka Dotto wa darasani kwangu atucheke?"

"Basi nitamwambia mama."

"Mwambie. Kesho utapanda peke yako."

Ally hakumwambia mama. Jioni mama yao, Mwanahalima, alifua mashati. Kola ya Firdausi ilikuwa ya kijivu; ya Ally ilikuwa nyeusi tii. "Huyu mtoto anacheza kwenye jivu?" alinung'unika, akasugua, akaanika.

Mwezi Juni, Ally alibanwa kifua ndani ya basi. Walipomfikisha hospitali alikuwa amekata roho. Daktari alisema moshi ule ulikuwa ukiichochea pumu yake siku hadi siku. Wakamzika Kurui, Kisarawe, karibu na kaburi la babu yake.

Walipotoka mazikoni, Firdausi alishindwa kuendelea kuificha siri yake. "Mama, aliniomba tukae mbele. Nikamkataza asikwambie."

Mama alisimama njiani, akamgeukia.

"Ulikosea," alisema. "Sitakudanganya. Na mimi nilikosea. Nimefua masizi yale mwaka mzima, sikuuliza yanatoka wapi."

Jumatatu alikwenda shuleni na shati la mwisho la Ally, halijafuliwa, akalitandaza mezani kwa mwalimu mkuu. Sakafu ya basi ilizibwa wiki hiyohiyo, lakini basi liliendelea kutoa moshi mweusi. Kisha Mwalimu Evodius wa sayansi akawaeleza wanafunzi kwamba mafuta yaliyokwisha kukaangiwa chipsi yanaweza kutengenezwa biodizeli, mafuta ya kuendeshea gari.

"Tunamimina tu kwenye tangi?" Dotto aliuliza.

"Ukimimina hivyo utaua injini. Yanachujwa, yanatolewa maji, yanachanganywa na kemikali karakanani. Masizi yake ni machache kuliko ya dizeli. Tena mitaro ya Maili Moja itapumua, maana huko ndiko yanakomwagwa."

Kila jioni Firdausi alipita na dumu kwa wakaanga chipsi wa Maili Moja, akikusanya mafuta ya kupeleka karakanani. Dotto alimsaidia kubeba, na safari hii hakumcheka.

Mwezi Septemba basi lilianza kutumia mafuta mapya. Lilinukia chipsi kwa mbali.

"Njaa itatuua humu," Dotto alisema.

Firdausi alitazama dirishani. Ally angecheka.

Jioni ile mama aliligeuza shati la Firdausi kwenye mwanga. Kola ilikuwa nyeupe. Aliishika kwa mikono miwili.

"Sikiliza, mwanangu," alisema. "Moshi ukikukohoza wewe, au ukimkohoza mwenzako, sema siku hiyohiyo. Wakikucheka, waache wacheke. Kicheko hakizibi pumzi."

"Ndiyo, mama."

Mama akalisuuza shati, akaenda kulianika, shati moja tu, kwenye kamba iliyozoea kubeba mashati mawili.