Shikamoo ya Mgambo

Kwetu Lusu watu wananiita Kiguu na Njia. Jina langu ni Kabula, nina miaka kumi na miwili, na kukaa kitako siwezi. Kila asubuhi, jua halijapanda vizuri, nimeshafagia uwanja, nimeshachota ndoo mbili bombani na nimeshawafungulia mbuzi. Uji naunywa nimesimama. Mama hulalamika, "We mtoto, hata uji nao unakukimbiza?" Mimi nacheka, namtupia Mgambo ukoko wa ugali, kisha huyo, mbio shuleni.

Mgambo ni mbwa wetu. Ana rangi ya kahawia, na mguu mmoja mweupe kama amesahau kuvua soksi. Nilimpokea akiwa mdogo wa kulala ndani ya sufuria. Baba alimpa jina hilo akitumaini kwamba atalinda kama mgambo wa kijiji. Wapi! Mgambo alimpenda kila mtu. Mgeni akija, mkia ulicheza mpaka kiuno kinayumba.

Alhamisi moja baada ya shule tulikuwa shambani, kwenye mpunga. Kijana mmoja akaingia zizini akaondoka na mbuzi wetu jike, tena mwenye mimba. Jirani mmoja alimwona kijana huyo akipita na mbuzi, akadhani amemnunua, maana Mgambo alikuwa akimsindikiza kwa furaha hadi barabara kuu.

Baba yangu, Mzee Ngassa, si mtu wa maneno mengi, lakini siku ile aliyapata. "Mbwa gani huyu? Mwizi anamsindikiza kama mgeni wa harusi! Jumamosi ya wiki ijayo rafiki yangu Alois anakuja kutoka Igunga na mbwa wake mkali wa kutuachia. Huyu ataondoka naye, akamtupe atakapotaka."

Nilimshika Baba mkono. "Baba, usimtoe. Nitamfundisha kulinda."

"Wewe? Usiyeweza kukaa hata dakika tano?" Alinitazama, kisha akatikisa kichwa. "Haya. Una siku tisa."

Siku tisa! Kesho yake nilimfuata Ngollo, mwanafunzi mwenzangu, bingwa wa kujua kila kitu isipokuwa hesabu. Alinijibu bila hata kufikiri. "Mbwa habembelezwi. Mfungie gizani mchana kutwa asione mtu, na chakula chake ukitie pilipili. Babu yangu alimfanyia mbwa wake hivyo, akawa mkali hapiti mtu." Ningekuwa na akili ningemuuliza mbwa huyo yuko wapi sasa. Sikuuliza. Nilikuwa na haraka.

Tulikuwa na banda la kuku la zamani nyuma ya jiko. Nikamfungia Mgambo humo, nikaziba mlango kwa gunia. Pilipili nikazitwanga, nikazichanganya na ugali. Nilipotoka shule nilipiga mlango kwa fimbo nikipaza sauti, "Kamata! Kamata!" Kisha nikafungua na kumwita, "Mgambo, njoo!" Alikuja akitambaa, mkia katikati ya miguu. Kwa kuwa alikuja kinyonge badala ya kuja kwa ukali, nikamchapa.

Siku ya pili nilipomwita hakuja. Alisimama kwenye kona, akageuza uso pembeni, akalamba midomo, kisha akapiga miayo. Nilipandwa na hasira. "Mimi nahangaika kukuokoa, wewe unanipigia miayo?" Nikamchapa tena. Jumatatu darasani nako sikusikia kitu. Miguu ilicheza chini ya dawati, nami nilikuwa nahesabu: zilibaki siku saba, zikabaki sita, sasa zimebaki tano. Mbwa hakuwa mkali hata kidogo. Alikuwa anatetemeka tu.

Jumanne nikaamua kwamba pilipili haijatosha. Nilitwanga konzi nzima, nikaificha ndani ya mchuzi wa dagaa asije akaishtukia. Maskini alikuwa na njaa, akabugia yote. Nikarudisha gunia na kusubiri. Mara nikasikia anajigonga ukutani, huku na huku. Nilipofunua gunia nichungulie, alinipita kama jiwe la manati.

Rafiki yangu Julieth alikuwa akipita na ndoo ya maji kichwani. Mgambo aliyasikia yale maji yakicheza ndani ya ndoo, akamrukia. Ndoo ikaanguka. Julieth akapiga yowe na kurusha teke, na Mgambo, kinywa kikimwaka moto, akauma. Jino likampasua kwenye nyama ya mguu, chini ya goti.

"Uwii! Mbwa kaniuma!"

Baba yake, jirani yetu Mzee Bundala, alitoka mbio na mpini wa jembe. Akamkuta Mgambo analamba matope ya yale maji, mate yenye povu yanamtiririka, anasugua uso wake chini. Mzee Bundala akarudi nyuma. "Ana kichaa! Huyu mbwa ana kichaa, msimsogelee!"

Kufumba na kufumbua uwanja ukajaa watu wenye fimbo na mawe. Kila mtu anajua kwamba kichaa cha mbwa kikishampanda mtu, haponi. Mgambo alijisokomeza chini ya kihenge cha mahindi, tukawa tunaona ule mguu mweupe tu.

Mama peke yake hakupiga kelele. Alimkalisha Julieth kwenye kigoda, akachukua mche wa sabuni na jagi, akaanza kumwosha kidonda kwa maji yanayotiririka. Aliosha, akaongeza sabuni, akaosha tena kwa robo saa nzima. Jirani mmoja akaleta majivu apake. "Majivu hapana," Mama alisema. "Ni maji na sabuni, halafu hospitali." Baba alikuwa kwenye simu, akimwita Dokta Elieth, mtaalamu wa mifugo wa kata yetu.

Na mimi? Nilikuwa nimejificha nyuma ya jiko. Nilijifuta machozi kwa viganja, na pilipili iliyobaki vidoleni ikaniingia machoni. Mama yangu! Nilidhani macho yanachemka. Ndipo nikafikiria konzi nzima, kinywani.

Dokta Elieth alifika kwa pikipiki. Ni mwanamke mfupi, mkavu wa maneno. Mzee Bundala alimwendea na mpini wake. "Dokta, tunangoja nini? Tummalize kabla hajauma mwingine."

"Subiri, mzee wangu." Dokta alichuchumaa mbali kidogo, akamtazama Mgambo. Kisha akasimama. "Nisikilizeni. Mbwa mwenye kichaa hutokwa mate. Lakini si kila mbwa anayetokwa mate ana kichaa. Hata mfupa ukimkwama, mate yanatoka. Kama yupo anayejua mbwa huyu amekula nini leo, aseme sasa. Asiposema, sitabahatisha na maisha ya watoto wenu. Mbwa atauawa, na kichwa chake kitapelekwa kupimwa. Nani anamlisha?"

Baba akageuka kunitafuta. Nilimwona Mzee Bundala na ule mpini, nikauona na mguu mweupe chini ya kihenge. Nikisema, nitapigwa. Nikinyamaza, Mgambo atakufa kwa kosa langu. Miguu yangu ilitaka kukimbia, na mnajua miguu yangu ilivyo. Kwa mara ya kwanza maishani niliikatalia.

"Ni mimi," nilisema nikitoka nyuma ya jiko. "Nimemtilia pilipili. Konzi nzima. Na siku zote hizi nilikuwa namfungia gizani na kumchapa."

Mama akasema kwa Kisukuma, "Bebe Kabula!" Yaani, wewe Kabula! Mama akinigeuzia Kisukuma mbele za watu, najua nimekwisha.

"Mwanangu ameumwa kwa sababu ya mchezo wako?" Mzee Bundala alifoka.

"Si mchezo, baba. Nilitaka awe mkali ili asiondolewe. Nisamehe." Nikaangua kilio. "Julieth, nisamehe."

Julieth alivuta kamasi. "Kumbe alikuwa anataka maji tu," alisema. "Na mimi nikampiga teke."

Dokta Elieth hakunikemea. Aliomba kadi ya chanjo, na Baba akaitoa kwenye kopo la nyaraka. Mgambo alikuwa amechanjwa mwaka uliopita, siku mbwa wote walipoitwa uwanja wa shule. "Vizuri," Dokta alisema. "Hata hivyo Julieth anakwenda hospitali leo hii hii, daktari ndiye ataamua kuhusu sindano. Kidonda cha mbwa hakidharauliwi hata kama mbwa ana kadi. Na Mgambo tutamfunga hapa, nimwangalie siku kumi. Akidhoofika au akibadilika, tutajua."

"Na Alois anayekuja kumchukua Jumamosi?" Baba aliuliza.

"Alois asubiri. Mbwa aliyeuma haendi popote."

Mzee Bundala aliuegemeza mpini ukutani, shingo upande. Baba naye alitoa hukumu yake palepale: kila asubuhi ningechota maji ya kwa kina Julieth mpaka kidonda kipone, na kama angeandikiwa sindano, kila siku ya sindano ningemsindikiza. Sikubisha.

Kesho yake Dokta alikuja kumwangalia Mgambo, akaniita. Alinikalisha chini, hatua kadhaa kutoka mahali alipofungwa. Mgambo aliponiona aligeuza uso, akalamba midomo.

"Akifanya hivyo, wewe unaonaje?" Dokta aliuliza.

"Kiburi," nilijibu.

"Na akipiga miayo?"

"Uvivu."

"Baba yako akikukemea, unamkodolea macho?"

"Hapana, Dokta! Naangalia chini."

"Kwa nini?"

"Ni heshima. Halafu, naogopa."

"Basi. Mbwa hana maneno. Mbele ya mtu mwenye hasira anageuza uso, analamba midomo bila chakula, anapiga miayo bila usingizi. Anakuambia kwamba anaogopa, hataki ugomvi, usimdhuru. Siku zote zile alikuwa anakuamkia shikamoo, Kabula, na wewe unamjibu kwa fimbo. Tena ulimwita, akaja, ukamchapa. Nani atakuja tena kwa mtu wa namna hiyo?"

Maneno yale yaliniwasha kuliko pilipili. Nilitaka kumrukia Mgambo nimkumbatie, lakini Dokta alinizuia. "Hapana. Kaa ukimpa ubavu, usimkazie macho. Mrushie dagaa mmoja. Halafu usifanye kitu."

Usifanye kitu! Jamani, hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote duniani. Sisimizi walinipanda miguuni. Nilisikia wenzangu wakicheza kombolela huko nje, magoti yakaanza kucheza yenyewe. Nikitikisika tu, Mgambo anarudi nyuma. Siku ya kwanza hakugusa dagaa mpaka nilipoondoka. Siku ya tatu alimchukua mimi nikiwepo. Siku ya tano nilimwita jina mara moja tu, kama nilivyofundishwa, akaja hatua mbili akasimama. Siku ya sita nilikuja na haraka zangu, nikamshtua, tukarudi nyuma kabisa. Nililia kwa hasira, lakini safari hii nilijikasirikia mwenyewe.

Siku ya kumi Dokta alimkagua akasema ni mzima. Julieth, ambaye kidonda chake kilikuwa kimeshafunga, alimpa dagaa kwa mkono ulionyooshwa mbali kabisa na mwili. "Ole wako," alimwambia. Mgambo akamchukua yule dagaa taratibu, kwa ncha ya midomo.

Dokta alimgeukia Baba. "Mzee Ngassa, kazi ya mbwa mlinzi ni kupiga kelele ili ujue. Mbwa aliyejazwa hofu huuma yeyote, hata mwenye nyumba. Mpe huyu binti muda." Baba alikuna kidevu, akakubali. Nikaanza kumfundisha karibu na zizi. Mtu asiye wa kwetu akikaribia mbuzi na Mgambo akabweka, namsifu na kumpa dagaa. Nikimwita akanyamaza na kuja, anapata dagaa mwingine. Dakika chache asubuhi, dakika chache jioni, basi.

Mwezi ukapita. Mchana mmoja wa Jumamosi tulikuwa tunakula, mara tukasikia Mgambo anabweka kwa sauti ambayo hatujawahi kuisikia. Tulikimbilia zizini. Mzee Bundala alikuwa amekuja kuazima jembe, akakata njia kupitia zizini, na sasa amebanwa kwenye ua wa zizi, mikono juu. Mgambo amesimama mbele yake, hamgusi, anabweka tu.

"Ngassa! Mwite huyu polisi wako! Sijaiba kitu mimi!"

Nilimwita mara moja. Mgambo akanyamaza, akaja miguuni pangu. Baba aliangua kicheko, akatoa simu palepale. "Alois? Yule mbwa wako, kaa naye tu." Hata Mzee Bundala alicheka, baada ya kuhakikisha kwamba nimemshika Mgambo barabara.

Jioni ile Dokta Elieth alipita kuchanja kuku, na Mama akamsimulia yote. Dokta aliniita. "Kabula, haraka haraka haina baraka, hilo umelisikia tangu darasa la kwanza. Mimi nakuongezea hili: kabla hujamfundisha kiumbe yeyote, jifunze kwanza anachosema. Na ukikosea, sema mapema. Ukweli uliousema siku ile ndiyo haraka yako pekee iliyofaa, ndiyo iliyomwokoa Mgambo."

Alipoondoka nilichukua ndoo, nikatoka mbio kama kawaida yangu kwenda bombani. Nilipompita Mgambo, alirudi nyuma, akageuza uso na kulamba midomo. Nikasimama. Nikaiweka ndoo chini, nikakaa nikimpa ubavu palepale mavumbini.

"Marahaba, Mgambo," nilimwambia, nikasubiri mpaka alipokuja mwenyewe.