Kura Moja ya Nyumba Ile

Mke wa mgombea alikutwa jikoni saa moja asubuhi, mtandio wake umekazwa shingoni, sufuria ya maji ingali mekoni. Mlango wa darasa lililokuwa kituo cha kura ulikuwa na matokeo tangu jana: mume wake alipata kura moja. Kijiji kizima kilishacheka. Kucheka hakuna foleni.

Polisi walikwisha kumfunga pingu seremala, wakala wa mpinzani, aliyeonekana jana akisema na mke huyo.

"Ulimwambia nini marehemu?" Inspekta alimuuliza.

"Nilimwambia, shemeji, nyumba nzima mmetoa kura moja? Akalia. Nikajua nimezidi. Nikaenda msibani kwa jirani, nimekesha huko."

Wafiwa walithibitisha. Inspekta alimwacha na pingu zake kwanza.

Mgombea alikuwa ndani ya gari, macho makavu.

"Nimeandikishwa mjini, nimepiga kura mjini, nimelala mjini. Nimefika sasa hivi. Hata hayo matokeo sijayaona."

Basi katika nyumba ile wapiga kura wa kituo hiki walikuwa wawili tu: mke na mama wa mgombea. Mmoja alimnyima. Inspekta alimtafuta msimamizi wa kituo, akamkuta anafunga mizigo.

"Kuna kura iliyoharibika?"

"Moja. Tiki kwa huyo bwana, misalaba kwa wengine wote. Alama inatakiwa moja tu. Mtu kajichosha bure," akacheka.

"Mliwaelekeza watu?"

"Bango lilikuwepo ukutani."

"Na wasiojua kusoma?"

Msimamizi aliangalia saa yake.

Mama wa mgombea alikuwa sebuleni, mgongo umenyooka. Mwanawe alisimama nyuma ya kiti chake, na askari mlangoni.

"Pole, mama. Ulimpigia mwanao kura?"

"Nimpigie nani mwingine? Nilimtia tiki. Halafu wale wengine nikawapiga misalaba, mmoja mmoja, wasije wakamzidi."

"Yeye analijua hilo?"

"Habari za misalaba hapana. Jana jioni alipokuja aliniuliza nani kamsaliti. Nikamwambia, ile moja ni yangu, kamuulize mkeo ya kwake kaitupa wapi."

"Mama, nyamaza," mgombea alisema.

Alikuwa amechelewa. Askari alimshika mkono, naye hakuuvuta.

"Nimechekwa mpaka na watoto," alisema. "Nilimuuliza taratibu. Akaapa kanipigia. Nimemkaba bado anaapa. Kura ningemsamehe, uongo ule ndio ulionishinda."

Inspekta angeweza kuyaacha yasemwe mahakamani. Lakini alikuwa ametoka jikoni, ameuona uso wa yule mwanamke, na huruma ilikuwa imemwisha.

"Hakukudanganya. Karatasi ya mama yako ndiyo iliyoharibika, kwa sababu ya ile misalaba. Haikuhesabiwa. Kura yako moja ilikuwa ya mkeo."

Mgombea aliketi sakafuni. Mama yake alikitazama kidole chake, wino bado haujafutika kwenye ukucha.

"Mimi nilidhani namsaidia," alisema. "Mbona hakuna aliyetuambia?"

Nje gari la msimamizi lilikuwa linaondoka. Pingu walizokuja nazo zilikuwa jozi moja tu, Inspekta akaagiza avuliwe seremala.