Kauli ya Kuagana

"Ukishaifunga hiyo valvu, basi, Bob ni mjomba wako," alisema Gareth kwa Kiingereza. Kabla Tunu hajaanza kumtafuta huyo Bob, sauti ndogo ilimnong'oneza sikioni: "Maana yake, kazi itakuwa imekwisha."

Sauti hiyo ilikuwa ya kinasamaana, kidude kidogo mfano wa punje ya kunde, ambacho kila mgeni wa Jiji la Ukingoni, huko Mwezini, alivishwa sikioni siku ya kuwasili. Hakikumtafsiria maneno. Maneno Tunu Makame aliyajua. Kiingereza cha darasani alikuwa nacho cha kutosha. Kilichomtoa jasho ni misemo ya watu. Walisema wamemwaga maharagwe na sakafu ikabaki safi. Walisema wamekufa, kisha wakaenda kula. Kinasamaana kilisikiliza, kikalinganisha na mazungumzo ya mamilioni ya watu yaliyotumika kukifundisha, kikatoa maana moja iliyonyooka. Bila hicho, Tunu angekuwa bado anauliza Bob anakaa ghorofa gani, na mafundi wenzake wangekuwa bado wanamcheka.

Wiki ile alikuwa na jambo zito. Mdogo wake, Hamad, alimpigia kutoka Wete. "Da Tunu, mama kazidiwa. Kama waweza kuja, njoo." Chombo cha kurudi Duniani kilikuwa karibu kuondoka, na ruhusa ya kupanda ilikuwa mikononi mwa Gareth, msimamizi wa zamu yao.

Tunu akamvizia mlangoni mwa chumba cha mitambo ya hewa.

"Uko sawa, Tunu?" Gareth aliuliza.

"Salamu tu," kilinong'ona kinasamaana. "Usieleze hali yako."

"Niko sawa," alijibu, akangoja.

Kwao Pemba mtu hujibu salama hata kama nyumba inamuungulia. Shida huja baadaye, mwenzake akishauliza habari za nyumbani, za watoto, za afya. Basi Tunu alisimama pale akingoja aulizwe habari za nyumbani. Hakuulizwa. Gareth alimtazama kidogo, kisha akasema, "Ukiwa na shida yoyote, niite tu. Mlango wangu uko wazi."

"Kauli ya kuagana," kilisema kinasamaana. "Haina ahadi."

Tunu alichanganyikiwa. Uso wa yule mtu ulikuwa ukisema jingine kabisa. Lakini ni mara ngapi alishaamini nyuso za watu hawa akaishia kuchekwa? Akameza maneno yake, akarudi kwenye valvu. Aliona haya, akaona na hasira, na hakujua amkasirikie nani.

Chombo kiliondoka. Gareth alimkuta kantini analia, na safari hii akavuta kiti, akakaa. Tunu akamweleza yote.

"Mbona hukusema?" Gareth alishika kichwa. "Kiti kimoja kimeondoka kitupu. Nilikwambia uniite."

"Niliambiwa hukumaanisha."

"Na nani?"

Tunu aligusa sikio lake.

Gareth alikigeuzageuza kikombe chake mezani. "Wengi wetu huwa hatumaanishi," alisema mwishowe. "Hakijakosea hapo. Ila siku ile mimi nilimaanisha."

Alimchukua mpaka ofisini kwake, akampa mtambo wa simu ya Duniani, akakaa pembeni. Sauti ya mama ilichelewa njiani, ikafika nyembamba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. U hali gani?"

"Mie salama tu."

"Mzungumzaji ni mzima," kilinong'ona kinasamaana.

Tunu alikichomoa sikioni, akakiweka juu ya meza mbele ya Gareth. Sikio lilikuwa tupu na liliwasha kidogo.

"Salama kweli, mama?"

Alingoja. Alingoja zaidi ya muda ambao sauti huhitaji kufika Duniani na kurudi. Gareth, asiyejua neno hata moja la Kiswahili, aliinamisha kichwa.

"Si salama, mwanangu," alisema mama. "Nilikuwa nakungoja wewe."