Mkweli wa Sauti

Pale Azbakiya, mbele ya vibanda vya vitabu chakavu, mama mmoja alikuwa akimnywesha mwanawe maji na kumbembeleza kwa neno ambalo watoto wa huko huombea maji, "Embu, embu." Mohrail, aliyekuja kuuza vitabu vya marehemu baba yake, akamwona mwanamume mwenye koti lililochujuka akicheka peke yake.

"Unamcheka mtoto?"

"Nalifurahia neno, binti. Wako wanaosema limetoka kwa Mafarao. Ufalme umekufa, kiu haijafa."

Jina lake Wagdi, mwalimu wa sarufi ya Kimisri cha kale. Alinunua kitabu kimoja akaondoka na namba ya simu ya Mohrail. Miezi mitano wakala pamoja koshari, wali wa dengu na tambi, Mohrail na gauni lake la buluu, akimtania kwamba yeye ni mume wa kamusi. Wagdi alimfundisha viambishi: ukimwambia mwanamume "moyo wako", neno huishia kwa *k*, ukimwambia mwanamke, huishia kwa *ch*.

Siku moja, akimngoja Wagdi chumbani kwake mtaa wa Shubra, Mohrail aliona mezani barua ya maandishi ya kale. Tarehe ilikuwa ya juma lililopita. Kila mstari ulijaa *ch*: moyo wako, nyumba yako, mkono wako. Juu palikuwa na jina, Tahani, likifuatwa na maneno mawili asiyoyajua. Alijua tu kwamba anaandikiwa mwanamke; akaondoka bila kungoja kuuliza. Wagdi alipiga simu siku kumi na moja; Mohrail hakupokea hata moja. Ami yake alipomletea mchumba, Nashaat mwenye duka la dawa, alikubali kwa hasira. Wakavishwa mataji ya arusi kanisani kabla ya Kwaresima.

Ulikuwa mwezi wa sita wa ndoa alipofungua kitabu cha sarufi alichopewa na Wagdi, akakutana na yale maneno mawili. "Mkweli wa sauti." Chini yake iliandikwa kwamba huwekwa baada ya jina la maiti.

Alikwenda Shubra mchana uleule. Wagdi alifungua mlango. Alikuwa amekonda, na macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye pete.

"Tahani alikuwa nani?" Mohrail aliuliza.

"Mke wangu. Alikufa akijifungua, na mtoto naye. Wazee wetu wa kale waliwaandikia wafu wao, nami sikuwa na mwingine wa kumwambia."

"Ungeniambia mimi."

"Niliogopa ungenionea huruma badala ya kunipenda."

Akaitoa ile barua, akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho, mahali ambapo *ch* ziliishia na *s* kuanza. "Hii *s* ni 'yeye', mwanamke. Nilikuwa namwomba Tahani aniruhusu nimwoe. Huyo yeye ni wewe."

Mohrail aliketi ngazini. Kanisa lao halivunji ndoa kwa sababu ya kosa la kusoma, na Nashaat hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

"Na mimi utaniandikia?" aliuliza mwishowe.

"Hapana, roho yangu. Wewe u hai, na una mume."

Akamshika mkono kumwinua, akauachia.

Mohrail alirudi nyumbani akampikia mumewe mlokhia, mchuzi wa mlenda. Nashaat alionja, akasema leo imezidi chumvi. Mohrail akamwomba radhi, akamwongezea wali.