Asante ya Maitena

Kibuyu cha yerba, majani machungu yanywewayo kama chai, kilirudi mkononi mwa Maitena kikiwa na barafu kwenye ncha ya mrija. Maji aliyomimina yalikuwa ya kuunguza ulimi. Alikipangusa kwa mkono wa sweta, akamimina tena, akampa dereva. Maitena alikuwa na miaka kumi na tisa, baba yake alikuwa amekufa juzi, na tangu hapo hapakuwa na kitu cha kumshtua.

Watu wa garini hawakuwa wakijuana. Mabasi ya kwenda mji wa Río Gallegos yalikuwa yamesimamishwa kwa theluji, na Lisandro, kijana mwenye gari kuukuu na mdomo usiopumzika, akatangaza nafasi kwenye kundi la simu. Maitena alikaa mbele, kwa hiyo kazi ya kumimina ikawa yake. Nyuma alikaa Ailén, mwanafunzi wa uuguzi, na kando yake kaka mmoja mwenye poncho, joho la sufu, kimya kama gogo. Kibuyu kilizunguka kwa zamu, kila mtu akinywa na kurudisha bila neno, maana kwao ukirudisha ukasema asante umesema umetosheka, na zamu yako imekwisha.

Shangazi Nélida alikuwa amepiga simu mara mbili. Wanataka kulifunga jeneza leo jioni, alisema, ila yeye amewazuia mpaka Maitena afike amwone baba yake. Maitena alijibu sawa. Alitumaini kwamba akimwona huenda atalia.

Adhuhuri walisimama kuongeza mafuta. Mwenye poncho hakushuka. Lisandro, akipuliza vidole vyake, alimtania Ailén.

"Huyo kaka yako umemkata ulimi?"

"Kaka yangu? Si wa Maitena huyo?"

Maitena alitikisa kichwa. Yeye alimkuta ameshakaa.

"Mimi nimechukua watu wawili," Lisandro alisema, na utani ukamkauka mdomoni.

Babu yake alikuwa dereva wa malori, na hadithi hii alimsimulia mara nyingi: yuko mtu aliyeganda kwenye njia ile wenzake walipomtelekeza, na kila majira ya baridi anatafuta safari.

"Tumeshampa kibuyu, basi yumo," alinong'ona. "Tuendelee kumpa mpaka tufike. Ila asante asiseme mtu. Atakayesema atabaki kwenye kiti cha huyo mtu badala yake, na huyo mtu ndiye atakayeshuka."

"Tumwache hapa, bwana," Ailén alisema.

"Yeye yumo garini, dada. Tutakaoachwa ni sisi."

Wakaendelea. Maitena alimimina na kupokea, akamimina na kupokea, na chupa ya maji haikupungua uzito, na harufu ya sufu iliyoloa ikajaa gari mpaka ikawa ladha ya kinywaji chenyewe, na kila kibuyu kilipofika nyuma walisikia mrija ukifyonza chini kabisa, pole pole, muda mrefu kuliko pumzi ya mtu, huku Ailén amejibana mlangoni, midomo imefungwa kwa meno, na Lisandro msema sana haangalii kioo, anaangalia weupe wa mbele na machozi yanamtiririka. Maitena peke yake hakuogopa, na hilo ndilo lililopaswa kumwogopesha.

Taa za kwanza za mji zilipoonekana, mkono wa baridi ulimrudishia kibuyu taratibu, kwa heshima, na kwa mara ya kwanza yule mtu alisema.

"Pole kwa msiba wa baba yako, binti."

Siku mbili nzima majirani, walimu, mpaka muuza nyama, walikuwa wamemwambia maneno hayo hayo, na jibu lake lilikuwa limezoea kutoka lenyewe.

"Asante," Maitena alisema.

Akasikia mlango wa nyuma ukifunguka na kufungwa. Kisha akajikuta nyuma, kando ya Ailén aliyekuwa akikitazama kiti cha mbele, sasa kitupu, na kuliita jina lake.

Mbele ya nyumba ya msiba Lisandro alishuka. Shangazi Nélida alitoka na shali yake, akainama, akachungulia kila kiti, macho yake yakapita usoni mwa Maitena bila kusimama.

"Mwanangu mmemshusha wapi?"

Ailén alikionyesha kwa kidole kiti cha mbele. Maitena alisema niko hapa, shangazi, akasema tena, wala koo halikumuuma. Shangazi alisubiri kidogo kwenye theluji, kisha akageuka kuelekea mlangoni, kwa waliokuwa wakingoja na misumari ya jeneza.

"Haya," alisema. "Fungeni."